Maandishi Kwenye Michungwa ya Mayala

Sogeeni, wanangu, na wewe Ngosha toka hapo mlangoni, unaniziba mwanga, na mwanga wenyewe nimebakiwa nao kidogo. Kaa chini kama wenzako. Shimba, acha kuangalia saa. Huyo bwana wa samaki anayekusubiri pale Kigongo atasubiri, na akichoka atarudi mjini kwake. Mnashangaa nimejuaje? Nimelala kitanda hiki miezi minne, miguu imekufa, lakini masikio bado yako kazini, na ukuta wa tope hauzuii neno. Nimewasikia mkimweleza kwamba shamba la michungwa linashuka mpaka majini, kwamba malori yake yatapata pa kugeukia na banda la barafu litakaa pale penye kivuli. Mmeshampimia na hatua. Mmelipima shamba kabla hamjanipima mimi kaburi.

Sikuwaita niwagombeze, nguvu hiyo sina. Nimewaita niseme mara moja, nikiwa na akili zangu, na Bwana Alexander amekaa pale kwenye kigoda awe shahidi, msije mkasema mzee alikuwa anaweweseka. Ng'ombe gawaneni, najua mmeshawagawana kichwani. Nyumba hii ni ya dada yenu Suzana, na nikisikia huko niendako kwamba mmemtoa, nitarudi. Lakini shamba la michungwa halimo katika urithi wenu. Si langu. Halijawahi kuwa langu hata siku moja, na leo mtajua nililipataje.

Michungwa ile aliipanda kaka yangu Mayala. Miche aliitoa Ukerewe kwa mtumbwi, mizizi imefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa, akaja nayo amekaa miguu juu asiikanyage kama mtu aliyebeba vifaranga. Mkewe Ng'washi ndiye aliyeinywesha, ndoo kwa ndoo, kutoka ziwani mpaka kule juu penye mawe. Mnamkumbuka mama yenu mkubwa. Mnajifanya hamumkumbuki, lakini mnamkumbuka.

Miaka ile ya elimu ya watu wazima alikwenda darasani, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akakaa chini ya banda la pamba na kuimba a, e, i, o, u. Madaftari hayakupatikana. Basi yeye akipumzika kwenye palizi, alikuwa anachuma jani la mchungwa, anachukua mwiba wa mgunga, anaandika. Herufi hutoka nyeupe, kesho yake zinageuka kahawia kama kovu linalopona. Aliandika jina lake, la Mayala, la binti yao Kija, mengine akiyaacha palepale mtini bila kuchuma jani. Wewe Suzana herufi ya kwanza uliijulia kwenye majani yale kabla hujakanyaga shule. Mimi nilimcheka. Nilipoitwa darasani nilisema siwezi kukaa na kuimba kama mtoto, na mpaka leo natia sahihi kwa dole gumba. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Mayala akafa kwa kifua. Matanga yalipoanuliwa wazee wakakutana kumuuliza mjane, kama ilivyo desturi, na mimi nilivaa shati jipya siku ile, maana ndiye niliyepaswa kumrithi. Ng'washi akasimama mbele yao wote akasema, "Shemeji, nakuheshimu sana, lakini mume nilishakuwa naye. Nina mikono yangu, nina michungwa yangu, na Kija nitamlea mwenyewe." Mtu mmoja akacheka. Mimi pia nikacheka ili isionekane nimeumia, nikarudi nyumbani nikalivua lile shati na sikulivaa tena. Kicheko kile nilikaa nacho miaka minane, wanangu, nalala nacho na kuamka nacho, na hakuna siku nilikisahau.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikawa huru. Pamba ikaanguka, tukawa tunavuna na kukaa na marobota ndani mpaka panya wanazalia humo. Lakini machungwa, aa, machungwa yalipata miguu. Wenye pikapu walikuja kutoka Mwanza mjini mpaka kwenye ua wa Ng'washi, wanamwita mama, wanamsubiri apake mafuta kwanza. Abiria wa kivuko cha Kigongo walimenya machungwa yake mpaka wanafika Busisi. Nilikuwa nakaa hapo nje natazama pikapu zikipita mbele ya marobota yangu, na nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote. Nasema chuki, sitafuti jina lingine.

Mwaka mmoja kabla ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mvua za vuli ziliponyesha na michungwa ikachipua, wewe Ngosha ulikuja mbio na jani mkononi. Ukasema, "Baba, mama mkubwa ameandika mti mzima." Nikalichukua. Jani changa, laini, na juu yake mstari mweupe unaong'aa, unapinda, unarudi, unajizungusha, na katikati ya mstari kijistari cheusi chembamba kama wino. Tukaenda kuangalia. Kila chipukizi la michungwa ya Mayala lilikuwa limeandikwa hivyo, na mpapai uliosimama katikati yake ulikuwa safi, na miembe safi. Akaja mwalimu, akageuza majani, akasema hajui ni lugha gani.

Mnakumbuka msimu ule surua ilivyotupiga. Watoto saba kijiji kimoja. Watu walikuwa wanatafuta pa kuuweka uchungu wao, na mimi nikawaonyesha pa kuuweka. Sikusema mchawi, hapana, mimi si mjinga. Niliuliza tu. Nilimwuliza mama aliyefiwa, "Mwanao aliitwa nani? Na nani hapa kijijini ana kawaida ya kuandika majina ya watoto kwenye majani?" Nikaenda nyumba ya pili nikauliza hivyohivyo. Ilipofika jioni swali lilikuwa linatembea lenyewe.

Na zile kamba zake, mnazikumbuka? Alikuwa anafunga kamba za katani kutoka mti hadi mti ili majimoto, wale chungu wekundu, wapite juu kwa juu wakale wadudu. Sasa watu wakasema hizo ni njia zake za kupita usiku. Vitu alivyovifanya mchana miaka yote, mbele ya macho yetu, vikawa ushahidi.

Sasa sikiliza vizuri, Ngosha, maana hapa ndipo ulipo mzigo wangu. Siku tatu kabla ya baraza, Bwana Alexander huyu alipita hapa na baiskeli. Alikuwa bwana shamba wa serikali, wakati ule amepunguzwa kazini, anauza dawa za kunyunyizia kijiji kwa kijiji. Akanisalimu, "Shikamoo mzee," nikamwonyesha jani. Hakulitazama mara mbili. Akakwangua ile ngozi nyeupe kwa ukucha, ikatoka nyembamba kama utando wa yai, na chini yake akaniwekea kwenye kiganja kidudu cha manjano, hakina miguu, kidogo hivi kwamba nilidhani ananitania. Akasema, "Kinaishi ndani ya jani, mzee. Kinakula kikitembea, na hiyo nyeusi ni kinyesi chake." Akafungua pale ukingo wa jani ulipokunjwa, palikuwa na kifuko. Akatikisa tawi, akaruka kipepeo mweupe mdogo kuliko punje ya ulezi. "Mama yake huyu hapa," akasema. "Anapenda michungwa, milimau na midimu tu, na majani machanga tu. Hata mlimau wako pale zizini umeshaingiliwa, nenda kaangalie. Waambie watu wasiogope. Na dawa siwauzii kwa hili, mtaua bure. Yule mama mwacheni na chungu wake na kamba zake, ndiye anayejua." Nikamwambia nitawaambia. Akapanda baiskeli akaenda zake ng'ambo.

Bwana Alexander, nimesema uongo? Itikia wasikie. Haya.

Kulipopambazuka kesho yake nilichukua panga nikakata machipukizi yote ya mlimau wangu, nikawapa mbuzi wakayamaliza. Na lile jani lililokwanguliwa nililikunja kwenye kipande cha gazeti, nikalitia mfukoni, sijui kwa nini sikulitupa.

Siku ya baraza Ng'washi alikuja na kitenge chake kizuri. Hakuwa na hofu, na hilo ndilo linalonitafuna, alidhani tumekusanyika kuulizana. Mimi ndiye niliyesema, "Apewe jani na mwiba aandike, tuone." Akafurahi, wanangu. Miaka yote hakuna mtu mzima kijiji hiki aliyemwomba aandike. Akakaa chini, akaweka jani juu ya goti, akaandika polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipomaliza hakuwapa wazee, alinipa mimi, kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwalimu daftari. Nikaliangalia. Sikujua limeandikwa nini. Nikaliinua juu nikasema, "Mmeona wenyewe." Jani la Alexander lilikuwa mfukoni, nililigusa kwa vidole nikiwa bado nimesimama, nikautoa mkono mfukoni, nikakaa.

Hatukumpiga. Tulijisifu kwa hilo, tukasema sisi si kama vijiji vingine vinavyokata wazee kwa mapanga. Tulimtenga. Asipewe kaa la moto, asiuziwe chumvi, akifika ziwani wenye ndoo watoke, akisalimu asiitikiwe, akifiwa asizikiwe. Mtu wa kwanza kutoitikia salamu yake nilikuwa mimi, palepale barazani, alipogeuka akaniambia, "Shemeji, wewe hukunijua?" Ngosha, wewe ulikwenda na panga ukakata kamba za majimoto, na ulikuwa unapiga mluzi. Suzana ulitoroka na kaa la moto kwenye kigae ukampelekea. Nilikufuata nikakukuta njiani, nikakimwaga kigae, nikakwambia ulirudishe jikoni kaa lile kwa mkono wako mtupu. Ukalirudisha. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na kiganja kile ndicho kinachonilisha uji sasa, kila nikinywa naliona kovu, na hujawahi kulitaja.

Ukafika msimu wa kuvuna na Kija akashikwa na homa. Shimba, mama yako mkubwa alikuja kwako, maana wewe ndiye uliyekuwa na mkokoteni na maksai, akapiga magoti hapo uani akiomba umfikishe mtoto zahanati. Uliniangalia. Nakumbuka ulivyoniangalia. Mimi nikatikisa kichwa, na wewe ukaanza kufungua maksai nira kana kwamba hujasikia kitu. Kija akafa saa sita mchana. Hakuna aliyekwenda. Tulikaa humu ndani, milango wazi kwa sababu ya joto, tukisikiliza jembe la mama yake likigonga mawe kule juu, linagonga, linanyamaza, linagonga, mpaka jua likaingia ziwani. Mama yenu, Mungu amrehemu, alisema "mwenzetu amechoka," na nikamwambia anyamaze.

Baada ya siku nne alipanda kivuko na kifurushi na lile jembe. Mimi nikaingia shambani asubuhi ileile.

Mnalijua lililofuata, mmelila kwa meno yenu. Nilitaka kuonyesha kwamba laana imeondoka na mwenyewe, nikanyunyizia dawa ya pamba, nikazidisha kipimo, majimoto wakaanguka chini kama mchanga mwekundu. Na yule kipepeo akarudi na ukoo wake wote. Majani yakajikunja, machungwa yakawa kama ndimu, pikapu zikaacha kuja. Watu waliona maandishi yamezidi na Ng'washi hayupo, wakaangalia chini. Walishachimba shimo refu mno, hawakutaka kuchungulia waone nani yumo.

Msidhani nimeokoka. Katekista amekuja mara tatu nimemfukuza mara tatu. Nasema haya kwa sababu mnataka kuliuza shamba lile na kutembea mjini mmevaa viatu vya fedha yake, na sitaki mvivae bila kujua ngozi yake ilitoka wapi. Nyinyi mlifanya ukatili bila kujua. Mimi niliufanya nikijua, jani liko mfukoni. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na sasa nimeiondoa, sasa tunajua sote. Huo ndio urithi wangu kwenu, Ngosha na Shimba, na msinitazame hivyo, Suzana naye alikuwa na baba huyuhuyu.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Karatasi iko chini ya mto wangu, toa, Suzana. Ameiandika huyu dada yenu, ina dole langu na mhuri wa kijiji. Shamba la michungwa linarudi kwa Ng'washi wa Mayala, na pale chini pameachwa nafasi atie sahihi kwa mkono wake. Kwa mkono wake, si kwa dole. Mnauliza tutampata wapi? Yuko hapo nje. Suzana amemleta na kivuko cha asubuhi, amekaa barazani tangu nilipoanza kusema, na ukuta huu, nimewaambia, hauzuii neno. Kaa chini, Ngosha! Kaa.

Maziko yangu. Msinilaze karibu na Mayala. Nilazeni kule chini kwenye mawe, na msiite mtu wa kusaidia. Mchimbe nyinyi wawili, kwa jembe moja, mmoja akichoka mwingine apokee, na watu wakae majumbani mwao wasikilize. Ng'ombe asichinjwe. Atakayelia alie kwa ajili ya Kija, mimi sidai chozi.

Suzana, mpelekee karatasi. Fungua mlango wote.

Shemeji. Ng'washi. Shikamoo, shemeji.

... Labda hajasikia. Sauti yangu imekuwa ndogo. Shikamoo, mke wa kaka yangu. Nimekusalimu mbele ya watoto.

Amesema nini? Hajasema. Sawa. Ana haki... mpeni muda. Niinueni kidogo, kifua kinabana. Shimba, shika mgongo. Mkono wako una baridi, mwanangu, unaogopa nini, mimi ndiye ninayekwenda.

Niwabariki wakati bado naweza. Mzae. Watoto wenu wakija na jani mkononi wakawauliza, msikimbilie kujibu, lifungueni kwanza. Suzana, kiganja chako... wote watakaokula kutoka kiganja chako washibe. Ngosha, Shimba, Mungu awape... awape watu wa kuwaitikia salamu. Sina lingine kubwa zaidi.

Umerudi, Suzana? Umeshika nini? Jani. Amekupa jani. Leta hapa, niwekee kidoleni... naam, mwiba. Herufi zake hizi, zimezama vilevile. Nisomee. Usiogope, nisomee, mimi sijui kusoma, unajua sijui kusoma.

Kija.

Basi? Hakuna jingine? Angalia upande wa pili.

... Nizikeni nalo. Mkononi, msilitie mfukoni.

Na karatasi ametia sahihi? Suzana, nakuuliza. Ameiacha sakafuni? Hakuishika kabisa? Na huo ni mlio wa nini, ni viatu vyake... anaondoka? Shemeji! Shikamoo... Kivuko hakijaondoka, mkimbilie, Suzana, mwambie... hapana. Mwache. Mwache aende.

Shamba... likae hivyohivyo. Lisiuzwe. Lisiguswe na mtu... mpaka...

Nani huyo anakunja karatasi? Nasikia karatasi.

Ngosha. Iweke chini, mwanangu. Ngosha... iweke chini.